Jinsi ya Kuipata Tasnifu Unayoihitaji: Kutoka Kwenye Marejeleo hadi Mkononi Mwako

Tasnifu haiuzwi dukani. Kitabu hata kikiadimika unaweza kukikuta kwa wauza vitabu vilivyotumika, au kwa rafiki aliyekinunua enzi hizo. Tasnifu ilichapwa nakala chache tu: za watahini, ya idara, ya maktaba na ya mwenyewe. Ndiyo maana mwanafunzi akiiona kwenye marejeleo ya kitabu, na pembeni pameandikwa "haijachapishwa", huiruka akaenda kwenye makala inayopatikana kwa urahisi zaidi.

Anayefanya hivyo anajinyima mengi. Mahojiano na wazee ambao leo hawapo, matini kamili ya nyimbo na tendi, majedwali ya lahaja kijiji kwa kijiji, hojaji pamoja na majibu yake: hivi ndivyo vinavyokatwa kwanza kazi inapogeuzwa kitabu, kwa sababu mchapishaji hataki kurasa nyingi. Abdul Sheriff alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha London mwaka 1971 kwa tasnifu kuhusu historia ya uchumi wa Zanzibar, miaka ya 1770 hadi 1873. Kitabu chake maarufu kuhusu biashara ya Zanzibar kilitoka mwaka 1987, miaka 16 baadaye. Mtafiti wa historia ya pwani anapaswa kuzisoma kazi zote mbili, na asidhani kwamba ya pili inaifuta ya kwanza.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayeandika au kusoma kuhusu Kiswahili, fasihi, historia na jamii za Afrika Mashariki, ingawa hatua zake zinamfaa pia mtu wa kilimo au wa afya. Kanuni inayoongoza yote ni hii: tasnifu hukaa kwenye chuo kilichotoa shahada. Utafiti ungeweza kufanyika Lamu au Bukoba, na mwandishi akawa leo anafundisha Nairobi; nakala ya maktaba iko kule alikotunukiwa shahada. Mwaka nao ndio unaokuambia utaikuta katika hali gani: karatasi iliyojalidiwa, mikrofilamu (filamu yenye picha ndogo za kurasa), au faili la PDF. Kwa hiyo kabla ya kugusa kompyuta, jiulize: chuo gani, na mwaka gani?

Hatua ya kwanza: kusanya vidokezo

Unahitaji mambo matano: jina la mwandishi, anwani (yaani kichwa) ya tasnifu, ngazi ya shahada, chuo na mwaka. Ukiwa na matatu unaweza kuanza. Ukiwa na jina na mwaka tu bado unaweza, ila itakubidi uwe na subira.

Chanzo bora cha vidokezo ni orodha ya marejeleo ya tasnifu mpya zaidi kuhusu mada yako. Tafuta iliyoandikwa miaka mitatu minne iliyopita, fungua sura ya mapitio ya maandishi, uone ni nani anayerudiwarudiwa. Jina likitajwa na watafiti watatu tofauti, hiyo ndiyo kazi ya kufuatilia. Pitia pia ukurasa wa shukrani: hapo utamjua msimamizi, na msimamizi mmoja huwa amewalea wanafunzi wengi waliochimba uwanja uleule. Ukishalijua jina lake umepata mlango wa kundi zima la tasnifu.

Angalia vizuri jinsi marejeleo yalivyoandikwa. Wengine huandika "tasnifu", wengine "tasinifu", na wapo wanaotumia "tazmili". Uzamivu wa Tanzania ni uzamifu kwa waandishi wengi wa Kenya. Usiziamini herufi za kwanza za majina pekee, maana A. M. H. Sheriff na Abdul Sheriff ni mtu mmoja, na mfumo wa kompyuta unaweza kuwa unamfahamu kwa namna moja tu.

Hatua ya pili: usidanganywe na jina la chuo

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vyuo vyetu vimebadilika majina na mamlaka. Makerere ilianza kuwaandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Chuo cha Nairobi nacho, pamoja na cha Dar es Salaam kilichofunguliwa Oktoba 1961, vilipita njia hiyohiyo ya London. Mwaka 1963 vyote vitatu vikawa matawi ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, hadi mwaka 1970 kilipovunjwa na kila kimoja kikasimama chenyewe.

Maana yake kwa mtafutaji ni nini? Ukikutana na marejeleo ya mwaka 1968 yanayosema Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, usitafute chuo chenye jina hilo leo. Jiulize mwandishi alikuwa kwenye tawi lipi, kisha utafute Makerere, Nairobi au Dar es Salaam. Kama marejeleo hayasemi tawi, angalia idara na msimamizi, au eneo la utafiti kama dalili tu. Ukishindwa, tafuta katika katalogi zote tatu. Ni kazi ya dakika chache. Kwa shahada za kabla ya 1963, ongeza maktaba za Chuo Kikuu cha London kwenye orodha yako.

Congo nako kuna mtego wa aina hiyo. Kati ya mwaka 1971 na 1981 vyuo vikuu vya nchi hiyo viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na Lubumbashi ikawa kampasi yake. Anayetafuta kazi kuhusu Kiswahili cha Lubumbashi au cha migodini Katanga ataziona za miaka hiyo zimeandikwa kwa jina la UNAZA. Tena nyingi si za uzamivu: ni kazi za kuhitimu zinazoitwa kwa Kifaransa *mémoire*, na katalogi nyingi huziweka mbali na zile zinazoitwa *thèse*. Tafuta kwa maneno yote mawili.

Kuhusu mwaka, chukua kipimo hiki cha jumla. Kazi za miaka ya 2010 na kuendelea zina nafasi nzuri ya kuwa mtandaoni, kwa kuwa vyuo vingi vya Afrika Mashariki vimekuwa vikimtaka mhitimu awasilishe nakala laini pamoja na iliyojalidiwa. Za miaka ya 1990 kurudi nyuma zimo mtandaoni pale tu chuo kilipopata fedha na watu wa kuzichanganua (kuziskani) ukurasa kwa ukurasa. Nyingi bado ni karatasi, na karatasi utaifuata ilipo.

Hatua ya tatu: tafuta mtandaoni, lakini kwa utaratibu

Anza na katalogi ya maktaba ya chuo husika, si Google. Katalogi inakuambia kama kitu kipo hata kama hakina faili la kupakua. Google hukuonyesha vilivyo na faili, na asiyejua hilo huamini kwamba kisichoonekana hakipo. Ukipata rekodi, nakili namba ya rafu jinsi ilivyo, pamoja na nukta na herufi zake zote. Ndiyo utakayompa mkutubi.

Kisha nenda kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina eRepository yake. Makerere ina mbili: MakIR kwa tafiti pamoja na tasnifu za uzamili na uzamivu, na MakUD kwa kazi za wanafunzi wa shahada ya kwanza, hivyo ukikosa kwenye moja jaribu nyingine. Chuo Kikuu cha Kenyatta, Moi, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, Sokoine cha Morogoro, Muhimbili na Dodoma navyo vina hifadhi zao. Anwani hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo usihangaike kuzikariri. Fungua tovuti ya maktaba ya chuo na ufuate kiungo kutoka hapo.

Nyingi ya hifadhi hizi zinatumia programu ya DSpace, kwa hiyo ukiijua moja umezijua zote. Juu kuna kisanduku cha kutafutia, na pembeni kuna namna ya kupekua kwa mwandishi, kwa mwaka, kwa anwani au kwa mada. Kupekua kwa mwandishi kunasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu majina yetu huingizwa kwa mpangilio wowote. Mtu mwenye majina matatu anaweza kuwa amewekwa chini ya jina la ukoo, la baba, au lake mwenyewe. Mwanamke aliyeolewa baada ya kuhitimu huwa na rekodi kwa jina la zamani. Jaribu yote.

Kwenye mada, tumia neno moja adimu badala ya sentensi ndefu. M. M. Mulokozi alihitimu uzamivu Dar es Salaam mwaka 1986 kwa tasnifu ya Kiingereza kuhusu tendi za Wahaya zinazoimbwa kwa nanga, ala ya muziki yenye nyuzi. Ukiandika "fasihi simulizi" utazama katika mamia ya kazi. Ukiandika "nanga" pamoja na jina lake, utaifikia mara moja kama imeingizwa. Neno adimu pia linakuokoa pale mwingizaji data alipokosea herufi kwenye sehemu nyingine ya anwani.

Kumbuka lugha. Tasnifu nyingi kuhusu Kiswahili zimeandikwa kwa Kiingereza, na hata zilizoandikwa kwa Kiswahili huwa na ikisiri ya Kiingereza. Tafuta kwa lugha zote mbili. Katika katalogi za Ulaya na Marekani andika "Swahili", kwa sababu hilo ndilo neno lao rasmi la kuainishia; katika hifadhi zetu andika "Kiswahili". Ukitumia moja tu, nusu ya kazi hutaiona.

Ukiwa umemaliza katalogi na hifadhi, sasa Google ina kazi yake. Andika neno lako, kisha site:ac.tz kwa vyuo vya Tanzania, site:ac.ke kwa Kenya au site:ac.ug kwa Uganda, umalizie na filetype:pdf. Kwa mfano: misimu vijana site:ac.tz filetype:pdf. Matokeo yatabaki kwenye tovuti za vyuo na kwenye mafaili yenyewe. Injini za kutafutia zinazokusanya tasnifu kutoka vyuo vingi kwa pamoja, kama OATD, BASE na CORE, ni za bure na hazihitaji nywila. Chama cha Vyuo Vikuu vya Afrika, chenye makao yake Accra, nacho kiliunda DATAD, hifadhidata ya tasnifu za Afrika pekee. Usiitarajie iwe na kila kitu, ila inasaidia kujua nani aliandika nini na wapi.

Ukipata faili, usishangilie kabla ya kulifungua. Rekodi nyingine zina ikisiri tu. Nyingine zina faili linaloishia sura ya pili. Kwenye zilizochanganuliwa kutoka karatasi, angalia mambo matatu: kama namba za kurasa zinafuatana bila kuruka, kama viambatisho vimo, na kama ramani za kukunjua, zile zilizobandikwa mfukoni mwa jalada la nyuma, zimechanganuliwa au zimeachwa. Mara nyingi zimeachwa. Jaribu pia kutafuta neno ndani ya faili. Kama halipatikani wakati unaliona kwa macho, faili hilo ni picha tupu, na itakubidi usome ukurasa kwa ukurasa.

Nakili kiungo cha kudumu, kile kinachoanza na hdl.handle.net, badala ya anwani iliyo juu ya kivinjari. Chuo kikihamisha seva, anwani ya kivinjari hufa. Kiungo cha kudumu kimewekwa ili kikufikishe palepale. Kwa kiungo kilichokufa, kibandike kwenye Wayback Machine ya Internet Archive uone kama ukurasa ulihifadhiwa.

Hatua ya nne: nenda maktaba ukiwa umejiandaa

Kwa tasnifu za karatasi hakuna njia ya mkato. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya East Africana, ambamo tasnifu na machapisho ya Afrika Mashariki yanatunzwa. Chuo kilipata pia jengo jipya la maktaba lililofunguliwa Novemba 2018, kwa hiyo ukifika Mlimani uliza kwanza kitu chako kiko jengo gani kabla ya kutembea juani. Maktaba kuu ya Makerere nayo ina sehemu yake ya Africana.

Sehemu hizi si kama rafu za kawaida. Haziazimishi. Mara nyingi msomaji haruhusiwi kwenda rafuni mwenyewe: unajaza fomu, mhudumu anakuletea, unasoma palepale na kuirudisha kaunta. Begi huachwa mlangoni.

Kama wewe si mwanafunzi wa chuo hicho, nenda na barua ya utambulisho kutoka chuo chako au kwa mwajiri, kitambulisho chenye picha, na fedha kidogo, kwani vyuo vingi hutoza ada ya msomaji wa nje kwa siku, wiki au mwezi. Barua iandikwe kwa mkuu wa maktaba, ikitaja unatafuta nini na kwa muda gani. Barua inayosema "anafanya utafiti" bila zaidi humfanya mtu wa mapokezi aanze kukuuliza maswali ambayo yangejibiwa kwa mstari mmoja.

Piga simu au andika barua pepe siku kadhaa kabla ya safari, hasa kama unatoka mbali. Uliza mambo mahususi: tasnifu yenye namba hii ya rafu, ipo? Inasomeka? Haijapelekwa kujalidiwa upya au kuchanganuliwa? Mkutubi akienda kuangalia rafuni kabla hujafika, amekuokoa na nauli ya basi kutoka Mbeya.

Na hapa niseme wazi: mkutubi ni mtaalamu. Watafiti wengi humwendea kama mlinzi wa ghala, wakamwambia "nataka hiki" na kusubiri. Mweleze unatafiti nini. Anajua tasnifu gani ziliingia bila kuorodheshwa, boksi gani lilitoka idara ya historia, mwaka gani namba za rafu zilibadilishwa. Maarifa hayo hayamo kwenye kompyuta yoyote. Salimia kwanza, eleza shida yako kwa ufupi, kisha sikiliza.

Ukishakaa na tasnifu mezani, usianze kusoma sura ya kwanza. Nakili ukurasa wa anwani wote: jina kamili, anwani neno kwa neno, idara, shahada, mwezi na mwaka. Kisha soma ikisiri, yaliyomo, na orodha ya viambatisho. Hapo utajua kama unahitaji saa moja au siku tatu. Andika namba ya ukurasa pembeni ya kila unachonakili, hata maneno mawili, kwa sababu kurudi baadaye kutafuta ukurasa mmoja ni gharama kubwa kuliko nauli peke yake.

Kuhusu kopi, uliza kabla ya kutoa simu. Tasnifu ni mali ya mwandishi kwa sheria ya hakimiliki: Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Sheria hizi zinatoa nafasi ya matumizi ya haki kwa ajili ya masomo na utafiti, na kwa msingi huo maktaba nyingi hukubali kutoa kopi ya sehemu, kwa mfano sura moja, lakini si kazi nzima. Wengine huruhusu picha za simu, wengine hawaruhusu kabisa. Fuata walichosema hapo ulipo.

Hatua ya tano: tasnifu iliyoko ng'ambo

Mengi kuhusu pwani yetu yameandikwa na kuwekwa mbali. Habari njema ni kwamba za mbali wakati mwingine zinapatikana haraka kuliko za mtaa wa pili.

Kwa Uingereza, anza na hifadhi ya chuo chenyewe. SOAS, chuo cha London cha taaluma za Asia na Afrika, imeweka mtandaoni bure tasnifu zake nyingi za zamani, na humo kuna hazina ya Zanzibar, Mombasa, Lamu na bara. Miongozo mingi bado inakuelekeza EThOS, huduma ya tasnifu ya Maktaba ya Uingereza. Huduma hiyo iliangushwa na shambulio la mtandaoni la Oktoba 2023, kwa hiyo usiifanye kuwa mlango wako wa pekee.

Kwa Marekani, mlango mkubwa ni ProQuest, mrithi wa University Microfilms, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1938 na Eugene Power huko Ann Arbor, Michigan, ili kuhifadhi maandishi kwa mikrofilamu. Tasnifu ya Thomas Hinnebusch ya mwaka 1973, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), kuhusu lugha za Kibantu za pwani ya Kenya, ambayo kila mwanaisimu wa Kiswahili, Kimijikenda na Kipokomo huitaja, ni ya zama hizo za mikrofilamu. ProQuest inalipiwa. Uliza maktaba ya chuo chako kama imejiunga. Kama haijajiunga, mwombe rafiki aliyeko kwenye chuo kilichojiunga akuangalie ikisiri na kurasa za mwanzo, ujue kama inafaa kabla ya kununua nakala. Kwa kazi za miaka ya karibuni, tafuta kwanza kwenye hifadhi ya chuo husika, maana tasnifu ileile inayouzwa ProQuest inaweza kuwa bure kule ilikotoka.

Ufaransa ina theses.fr, inayoonyesha hata tasnifu ambazo bado zinaandikwa. DART-Europe inakusanya kutoka nchi nyingi za Ulaya. Ujerumani, yenye mapokeo marefu ya taaluma za Kiswahili, ina utaratibu wake: mhitimu wa uzamivu analazimika kuichapisha kazi yake. Kwa hiyo tasnifu ya Bayreuth, Hamburg au Leipzig itafute pia kama kitabu, kwenye katalogi za vitabu. Kwa India, ambako Watanzania na Wakenya wengi wamesoma, kuna Shodhganga, na ni bure. Afrika Kusini ina hifadhi nzuri, ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini (UNISA) ikiwa mojawapo.

Msomaji aliyeko Ulaya au Marekani Kaskazini ana faida moja ambayo wengi hawaitumii: huduma ya kuazimana baina ya maktaba. Nenda kwenye maktaba ya chuo chako, au hata ya umma ya mtaani kwako, ujaze fomu; wao ndio watakaoandikiana na maktaba yenye nakala. Chicago kuna Center for Research Libraries, inayotunza mamia ya maelfu ya tasnifu za nje ya Marekani na kuziazimisha kwa maktaba wanachama wake. Uliza kama yako ni mwanachama.

Faili likiwa limefungwa

Ukiona alama ya kufuli, usikate tamaa. Wakati mwingine mwandishi ameomba kazi ifungwe kwa miaka michache ili achapishe kitabu kwanza. DSpace huwa na fomu ya kuomba nakala ukibonyeza faili lililofungwa, na ombi humfikia mwandishi au maktaba. Jaza sababu ya kweli.

Njia ya pili ni kumwandikia mwandishi mwenyewe. Wengi hufurahi kwamba kuna mtu anataka kusoma kazi waliyoihangaikia miaka minne. Andika kwa heshima na kwa ufupi, namna hii:

*Shikamoo Profesa. Naitwa (jina), mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili katika (chuo). Ninaandika kuhusu nyimbo za harusi za Wapemba. Nimekuta tasnifu yako ya uzamivu ikitajwa katika kazi kadhaa, na katalogi ya maktaba inaonyesha nakala moja ya karatasi ambayo sijaweza kuifikia. Naomba, ikiwa una nakala, unisaidie sura ya nne na kiambatisho chenye matini ya nyimbo. Nitaitaja kazi yako ipasavyo na sitaisambaza. Natanguliza shukrani.*

Kuomba sura mahususi kunaonyesha kwamba umeshafanya kazi yako. Asipojibu, subiri wiki mbili, umkumbushe mara moja tu. Kama amefariki, andikia idara yake ya mwisho. Msimamizi wake au wanafunzi wake huwa wanajua nani anayetunza kazi zake.

Jihadhari na tovuti zinazojitangaza kuuza tasnifu za vyuo vyetu kwa M-Pesa au kadi. Nyingi zimepakua faili la bure kutoka hifadhi ya chuo na kuliwekea bei. Kabla ya kulipa senti yoyote, chukua anwani kamili ya tasnifu, iweke ndani ya alama za kunukuu, uitafute upya.

Nakala ikiwa haipo rafuni

Katalogi inasema ipo, mhudumu anarudi mikono mitupu. Hili hutokea. Mwombe aangalie maeneo manne: meza za kurejeshea, chumba cha kujalidia, kitengo cha kuchanganua, na rafu za jirani, kwa kuwa tasnifu nyembamba huteleza nyuma ya nene. Jaza fomu ya kitu kilichokosekana na uache namba yako ya simu.

Kisha nenda idarani. Idara na taasisi nyingi huwa na kabati lao la tasnifu, na katibu wa idara ndiye mwenye ufunguo. Ulizia pia kurugenzi ya masomo ya uzamili, ambako nakala za mwisho hupita kabla ya shahada kutolewa. Mtahini wa nje naye alipewa nakala, na huyo yuko chuo kingine, pengine nchi nyingine. Kwa watafiti waliotoka nje, kuna ofisi zilizotoa vibali vya utafiti, COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, ambazo huwataka watafiti wawasilishe ripoti za kazi zao. Na kama mtafiti alikaa kijijini miezi kadhaa, waulize wenyeji: mara nyingine nakala ilitumwa shuleni, ofisi ya kata au kwa familia iliyompokea, na hakuna aliyewahi kuja kuiulizia.

Ukiipata kwa njia hiyo, iombe maktaba ya chuo ruhusa ya kuwapelekea ichanganuliwe, kwa idhini ya mwandishi au warithi wake. Wape rekodi kamili ya ukurasa wa anwani na namba ya rafu ya zamani, ili wairejeshe kwenye nafasi yake kwenye katalogi.